Barua ya wazi kwa Baraza la Wazee: fungueni stoo, au zimeni na piano

Lubumbashi

Kwa: Baba Pasta kiongozi, Baraza la Wazee na Kamati ya Ibada ya parokia yetu
Kutoka kwa: walimu wa kwaya, wapiga vyombo na mafundi wa sauti
Kuhusu: kufungiwa kwa ngoma, madimba (marimba yetu ya mbao na vibuyu) na magitaa

Baba Pasta, baba zetu na mama zetu wazee wa kanisa,

Bwana asifiwe.

Tunawaandikia mbele ya watu wote kwa sababu ndani tumebisha hodi mpaka tumechoka. Barua ya kwanza ilipokelewa, ya pili ilipokelewa, kikao kimoja kikafanyika, tukaambiwa neno litaangaliwa. Halijaangaliwa. Hatuandiki ili kuwavunjia heshima, na yeyote atakayeitumia barua hii kuwatukana hatuko naye. Lakini tangazo lilisomwa mbele ya kusanyiko zima, na kusanyiko hilo lina haki ya kusikia pia yale tuliyowaambia mlango ukiwa umefungwa.

Tangazo lilisema hivi kwa ufupi: vyombo vya kidunia, hasa ngoma, madimba na gitaa, havitatumika tena katika ibada, piano ya umeme peke yake itabaki. Siku hiyo hiyo vyombo vikaingizwa stoo na ufunguo ukachukuliwa. Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Ngoma haikutoka kanisani, ilihamia ndani ya piano

Piano iliyobaki ina kitufe cha midundo. Anayepiga anachagua namba, anabonyeza, na papo hapo zinatoka ngoma, besi, matoazi na njuga, vyote vimerekodiwa kiwandani huko mbali. Tangu tangazo lisomwe, nyimbo za kuingilia na za sadaka zinachezwa kwa rumba ya kitufe hicho. Ngoma ya ngozi ya mbuzi imefungiwa kwa kuwa ni ya kidunia. Ngoma isiyo na ngozi wala mti inalia kila Jumapili na hakuna mzee aliyeinuka. Kama kosa ni mdundo, mdundo bado upo. Kama kosa ni ngozi, tuonyesheni andiko linalokataza ngozi.

Tena ngoma ya kitufe inaharibu uimbaji kuliko ile iliyofungiwa, na sababu yake ni ya kifundi kabisa: mashine haimsubiri mtu. Kusanyiko lenye wazee na watoto huanza wimbo kwa nguvu, kisha mwendo unashuka, hasa mwisho wa mstari pale watu wanapovuta pumzi. Weka mashine kwenye mapigo 112 kwa dakika, na watu washuke kidogo tu mpaka 104. Ubeti wa mapigo 64, mashine inaumaliza kwa sekunde 34 na kitu. Watu wanaumaliza kwa karibu sekunde 37. Ubeti mmoja tu, na wameachwa nyuma karibu mapigo matano. Kiongozi wa nyimbo atapiga makofi, atapaza sauti kwenye mikro, na kufika ubeti wa tatu kusanyiko litanyamaza na kuiachia kwaya. Mpiga ngoma anayejua kazi huangalia midomo ya watu. Akiona pumzi inavutwa, analishikilia pigo la mwisho kidogo, halafu anaingia nao. Namba ya kufanya hivyo haimo kwenye piano.

2. Andiko lililosomwa halisemi mlichokifanya

Tangazo liliegemea Amosi 5:23, pale Mungu anaposema hataki kusikia sauti ya vinanda. Tuusome mstari mzima. Kabla ya vinanda, anaomba aondolewe kelele za nyimbo. Rudi mstari wa 21 na wa 22: anakataa sikukuu, anakataa makutano, anakataa sadaka. Anayeufanya mstari wa 23 kuwa sheria ya vyombo aufanye pia kuwa sheria ya kwaya, ya Pasaka na ya kikapu cha sadaka, tuone parokia itabaki na nini. Alichokitaka nabii kiko mstari wa 24: haki itiririke kama mto. Aliwasema watu waliodhulumu maskini wiki nzima wakaja kuimba siku ya ibada.

Hoja ya pili tuliyoisikia kikaoni ina uzito zaidi, nayo hatuipuuzi. Ni kwamba Agano Jipya haliagizi chombo chochote katika mkutano wa kanisa. Ni kweli. Usiku wa mwisho Yesu na wanafunzi waliimba, wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni (Mathayo 26:30), na chombo hakitajwi. Paulo anasema tuimbe na kumshangilia Bwana mioyoni (Waefeso 5:19). Lakini katika mstari huo huo anataja zaburi, na zaburi zimekuja na maagizo yake juu: ya 4, ya 6, ya 54, ya 55, ya 67 na ya 76, vichwa vyake vinamwelekeza mwimbishaji atumie vyombo vya nyuzi. Zaburi ya 150 hatuirudii hapa. Watoto wa shule ya Jumapili wanaijua kwa kichwa. Na katika Ufunuo 5:8 na 15:2 kuna vinubi mikononi mwa wanaoabudu. Mtasema hiyo ni picha. Sawa, ni picha, lakini Yohana asingeichora ibada ya mbinguni kwa kitu kilicho najisi.

Kuna jambo moja katika Agano la Kale ambalo lingewafaa ninyi zaidi kuliko Amosi, na tunashangaa halikutajwa. Vyombo vya hekalu havikuwa vya kila mtu. 1 Mambo ya Nyakati 25:7 inahesabu watu 288 waliofundishwa kumwimbia Bwana, wote mahodari. Siku sanduku lilipoingizwa hekaluni, makuhani 120 walipiga tarumbeta, na andiko linasisitiza kwamba wapigaji na waimbaji walisikika kama sauti moja (2 Mambo ya Nyakati 5:12-13). Tarumbeta 120 na bado sauti moja! Hapo kuna mafundisho, zamu na usimamizi. Kama mngetuambia "hampigi tena mpaka mfundishwe", tungenyamaza, maana hoja ingekuwa yenu.

3. Waliokataa vyombo hawakukiacha kinanda

Mzee mmoja alitukumbusha kwamba kanisa la karne za mwanzo liliimba bila vyombo. Alisema kweli, na tunamheshimu kwa kulijua hilo. Klementi wa Alexandria na Yohana Krisostomo waliwakemea Wakristo kuhusu vyombo, kwa kuwa katika miji yao filimbi na vinubi vilikuwa vya karamu za ulevi, vya michezo ya kuigiza na vya sadaka za miungu. Mpaka leo Waortodoksi wa Ugiriki na wa Urusi huabudu kwa sauti ya mtu. Hata Wagiriki wa hapa Lubumbashi walikuja na desturi hiyo. Zurich, wakati wa Zwingli, mrekebishaji wa kanisa huko Uswisi, kinanda kikubwa cha kanisa la Grossmünster kilivunjwa mwaka 1527. Geneva ya Calvin iliimba zaburi kwa sauti tupu. Huko Marekani, makanisa ya Kristo yaliyokataa vyombo yalihesabiwa peke yao katika sensa ya dini ya mwaka 1906, na chombo kilikuwa moja ya sababu za kutengana na wenzao.

Hao wote tunawaelewa. Walikata shauri, wakalifuata mpaka mwisho. Lakini tutajieni mmoja kati yao aliyefungia ngoma akaacha kinanda. Zwingli alianza na kinanda! Ndicho alichokiona kinameza maneno ya Mungu. Uamuzi wetu wa hapa umechukua hoja ya watu hao, ukaigeuza juu chini, na kukiacha kile hasa walichokivunja.

Na kinanda chenyewe kina historia yake. Kile cha kwanza chenye mabomba kilitengenezwa na fundi Ktesibio kule Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Upepo wake ulisukumwa kwa pampu, na uzito wa maji ukaushikilia usiyumbe. Kilizaliwa Afrika basi, kama ngoma. Warumi wakakipiga viwanjani, watu wakiuana kwa kuwafurahisha watazamaji. Mwaka 757 mfalme Konstantino wa Tano wa Bizanti alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi ya heshima ya kifalme. Kanisani kiliingia baadaye, taratibu, na leo kinaitwa chombo kitakatifu. Mkisema ngoma ina historia chafu, linganisheni historia zote mbili kwa mizani ile ile.

4. Kuhusu mizimu

Hili limesemwa chini kwa chini kuliko kuandikwa, nasi tutalisema wazi. Wapo wanaoamini ngoma inaita mizimu. Kanisa la Kiortodoksi la Ethiopia hupiga ngoma kubwa ya kebero katika ibada yake na kutikisa sistra, yaani kayamba za chuma za mkononi, na Ukristo wa nchi ile ni wa tangu karne ya 4, zamani sana kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Katanga. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza piano na ngoma kanisani, vyote viwili kwa pamoja. Mwaka 1958, Kamina, njia ya reli kutoka hapa kwetu, padri Guido Haazen aliimbisha misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za nyumbani, na rekodi yake ikasikika dunia nzima. Mwaka 1963 mtaguso wa Vatikano ukaruhusu muziki wa asili wa mataifa uingie katika ibada, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misale ya majimbo ya Zaire. Hatuwaambii Waprotestanti wamfuate Papa. Tunasema tu kwamba waliokuwa wakali zaidi kwa ngoma walikaa, wakapima, wakabadili msimamo kwa maandishi.

Hata hivyo kuna midundo ambayo mtu mzima wa kijijini akiisikia anajua ni ya matambiko, au ni ile ya kulala matanga. Midundo hiyo tuiache. Tunaomba wazee wanaoijua waitaje mmoja mmoja, tuiandike na tusiipige. Kijana aliyezaliwa hapa mjini, katika komuni ya Kenya au ya Katuba, hawezi kuikwepa asiyoijua.

5. Kelele: hapa mna haki, lakini mmekamata asiye na kosa

Waumini waliolalamika kuhusu kelele walisema kweli, na sehemu ya kosa ni yetu. Basi tueleze kelele hiyo inatoka wapi.

Jengo letu lina urefu wa mita 30 hivi, kuta za saruji, paa la mabati bila dari. Mabafle, yaani spika kubwa, yako mbele, yanatazama ukuta wa nyuma. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde; ikienda mita 30 na kurudi mita 30, mwangwi unamfikia anayekaa mbele baada ya sekunde 0.18 hivi. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una sekunde 0.6 kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo kila pigo linarudi kama pigo la pili kabla lile linalofuata halijapigwa, na silabi za mhubiri zinapata shida hiyo hiyo. Watu wa nyuma wakisema hawasikii maneno, fundi anaongeza sauti. Mwangwi nao unaongezeka kwa kiasi kile kile, maneno yanabaki matope, na sasa masikio yanauma.

Kisha kuna mikro. Kila mnapozidisha mara mbili idadi ya mikro zilizo wazi, mnapoteza karibu desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za sauti mnayoweza kutoa kabla ya larseni, ile sauti inayolia "wiii". Kutoka mikro 2 hadi 8 mmepoteza desibeli 6. Kwaya ya watu 40 yenye mikro 8, nyingine zimesimamishwa mbele ya bafle, lazima italia, si shetani. Na kununua amplifaya yenye wati mara mbili hakusaidii kama watu wanavyodhani: kunaongeza desibeli 3 tu. Sikio lisikie kama sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa ziwe kama mara kumi. Ndiyo maana fundi anaisukuma amplifaya ndogo mpaka inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na tuita za bafle, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinaungua. Kanisa linanunua tuita nyingine, mchezo unaanza upya.

Kwa afya, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, 100 ni dakika 15. Batri, zile ngoma za kisasa zenye matoazi, inafika 100 kwa urahisi karibu na mpigaji, hata kabla haijawekewa mikro. Watoto wa shule ya Jumapili wanakaa mstari wa kwanza, mita 2 kutoka kwenye bafle, na nyimbo za ibada moja hupita dakika 50. Hesabu mnaweza kuifanya wenyewe.

Sasa angalieni kilichofungiwa. Ngoma ya ngozi haina waya. Madimba hayana waya. Havipiti kwenye amplifaya, havileti larseni, na mpigaji anavipunguza kwa mkono wake. Ngoma ikisikika kubwa mno, mara nyingi imewekwa kwenye kona, na kona huzidisha sauti nene. Isogezeni mita moja na nusu kutoka ukutani, iwekeni juu ya mkeka, fungeni kitambaa kwenye kichwa cha fimbo, na tofauti mtaisikia siku hiyo hiyo. Kilichobaki kanisani ndicho chenye waya. Paulo aliwauliza Wakorintho, baragumu ikitoa sauti isiyoeleweka, nani atajiandaa kwa vita (1 Wakorintho 14:8)? Swali hilo linaliuliza bafle letu.

6. Nyimbo zimewekwa juu mno

Hili ni dogo, lakini linawanyamazisha watu kuliko yote. Piano ina kitufe cha kupandisha wimbo, na kinapandishwa ili kumfaa mwimbishaji mwenye sauti nyembamba. Mtu wa kawaida kwenye benchi anaimba bila shida kati ya la ya chini na re ya juu. Wimbo ukimpeleka fa ya juu, mama wa miaka 60 anafunga mdomo na kufungua kitabu kana kwamba anatafuta ukurasa. Shusheni toni moja na nusu, mtamsikia tena.

7. Vyombo vinakufa stooni

Stoo haina dari. Mchana bati linachoma. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Lubumbashi mnaijua. Mbao za madimba zinapanuka na kusinyaa kila siku. Ubao mmoja wa sentimeta 40 umefungwa kamba kama sentimeta 9 kutoka kila ncha, kwa sababu hapo ndipo mti hautetemeki. Kamba ikilegea ubao unateleza, na ukiupiga unatoa sauti ya kuni. Chini ya kila ubao kuna kibuyu kilichochaguliwa kwa sauti yake, na ubavuni mwa kibuyu kuna tundu dogo lililofunikwa kwa utando mwembamba na kuzungushiwa nta. Utando huo ndio unaoyapa madimba ule mnong'ono wake wa kukwaruza. Panya wanapenda nta. Ubao ukipoteza sauti unaweza kurekebishwa: unakwangua chini, katikati, ili kuishusha, au kwenye ncha ili kuipandisha. Lakini mti uliokwanguliwa haurudi, na ulioachwa upasuke haukwanguliwi tena. Ngoma kubwa nayo imesimamishwa ikiegemea ukuta, ngozi ikigusa saruji. Wakati wa kiangazi ngozi inakaza mpaka inachanika kwenye vigingi. Mvua ikianza italegea na kuota ukungu.

Vyombo hivyo vilinunuliwa kwa sadaka.

Majibu tunayoyatarajia

Mtatuambia kwamba vijana wakipewa ngoma wanageuza kanisa kuwa baa. Kosa hilo lipo, na dawa yake ni mwalimu na zamu. Aliyepiga vibaya aondolewe kwenye zamu kwa mwezi, chombo kibaki. Hata sasa, aliyebaki na kitufe cha rumba ni kijana.

Mtatuambia majirani wanalalamika. Wanalalamika kuhusu bafle lililotolewa nje ya mlango siku za mkesha. Liingizeni ndani.

Mtatuambia hakuna pesa. Mengi ya tuliyoyaandika hapa juu hayahitaji pesa. Mapazia mazito ya vitenge, yakitundikwa kwa mikunjo sentimeta 10 mbele ya ukuta wa nyuma, yanapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, zile zinazobeba maneno. Akina mama wa kanisa walishajitolea kushona. Mabafle yakiinuliwa juu ya vichwa na kuinamishwa kuelekea watu, ukuta unapata sauti kidogo.

Mtatuambia umoja wa kanisa ni mkubwa kuliko ngoma. Kweli kabisa, na ndiyo maana tulianza na barua mbili za siri.

Tunachoomba

Chagueni njia moja kati ya mbili, na mliseme kwa maandishi pamoja na sababu.

Njia ya kwanza ni sauti tupu. Kama dhamiri yenu inaona kama ile ya Mababa, tutatii bila kinyongo, lakini piano nayo izimwe, pamoja na kitufe chake na muziki wa simu unaopitishwa kwenye bafle wakati wa sadaka. Mjue pia kwamba njia hiyo ni kazi zaidi. Kwaya isiyo na chombo hushuka. Kufika ubeti wa nne inaweza kuwa imepoteza nusu toni au zaidi, na kusanyiko linashuka nayo. Tutahitaji diapazoni mbili za la 440, vile vyuma vya kutolea sauti ya kuanzia, mazoezi mara mbili kwa wiki badala ya moja, sauti nne zikifundishwa kila moja peke yake kwanza, na mtu mmoja aliyepewa ruhusa ya kuanzisha wimbo. Wanaosimama na kuanzisha popote walipo watalazimika kuacha. Tutalifanya hilo kwa furaha. Wengine kati yetu wanalitamani.

Njia ya pili ni vyombo vyote chini ya sheria moja. Tumeiandika rasimu, na mnayo tangu barua ya pili: kitufe cha midundo kisitumike, mikro za kwaya zisizidi 4, moja kwa waimbaji 10, umbali wa sentimeta 60 hadi mita 1 kutoka midomoni, na mabafle mbele yake, kamwe si nyuma, desibeli 85 ziwe kikomo katikati ya jengo wakati wa nyimbo, zikipimwa kwa simu tukijua kwamba simu inakosea kidogo, ubeti wa kwanza na wa mwisho wa kila wimbo wa kitabuni uimbwe bila chombo chochote, wimbo usipite re ya juu, anayetaka kupiga akae miezi mitatu akijifunza kabla ya kuwekwa kwenye zamu. Na kipimo kimoja kisichohitaji mashine: mzee akikaa mstari wa tatu asimsikie jirani yake akiimba, anainua mkono, na fundi anashusha bila kubishana. Ijaribuni miezi sita. Ikishindwa, tutakuwa wa kwanza kurudisha ufunguo.

Njia ya katikati, hii ya sasa, hatuoni andiko, historia wala ufundi unaoitetea.

Tunaomba jibu kabla ya mvua za kwanza. Kama Baraza linahitaji muda zaidi, tupeni basi ufunguo wa stoo kwa siku moja tu, Jumamosi yoyote. Wawili wetu wataiinua ngoma kutoka kwenye saruji na kuilaza juu ya mbao, watapaka ngozi mafuta kidogo sana, watakaza kamba za madimba na kuyafunga kwenye mashuka. Mzee yeyote mnayemchagua asimame mlangoni aone kwamba hakuna kilichopigwa. Jioni ufunguo utarudi mezani kwa Baba Pasta.

Kwa heshima na katika Bwana,

Walimu wa kwaya, wapiga vyombo na mafundi wa sauti wa parokia
Lubumbashi